Fundi wa Vitanda na Udi wa Bi Tatu

Randa yake hakuna aliyewahi kuiazima. Naanza na hilo kwa sababu kila mtu wa mtaa wetu angeanza nalo, na sitaki neno langu la kwanza liwe la kubishaniwa. Ukimwomba msumeno, alikuuliza unataka kukata nini, kisha akaja mwenyewe kukukatia, bure, huku ananung'unika njia nzima. Ukimwomba patasi, hivyo hivyo. Randa hata kuja nayo kwako hakuja. Alisema, "Lete mbao," basi, ukaibeba mbao yako mpaka kwake. Kwa ajili hiyo watu walimwita bahili. Mimi nilikaa naye baraza moja hapa Kariakoo, tangu mtaa huu ulipokuwa nusu nyumba nusu viwanja vya mchanga, na mpaka leo sijaweza kukata shauri kama jina lile lilimfaa. Bahili gani anaacha kazi yake kuja kufanya yako?

Nitamwita Fundi tu, kama tulivyomwita. Alizaliwa wapi, wazee wake nani, sijui. Wapo waliosema Kilwa, wapo waliosema bara, na aliyemuuliza mwenyewe alijibiwa, "Nimetoka chumbani kwangu, nimekuja hapa barazani. Wewe umetoka wapi?"

Mimi ni mshonaji nguo. Cherehani yangu ilikaa kushoto kwa mlango, benchi lake kulia, na wapangaji wote wa nyumba walipita katikati yetu. Nina desturi ya kuandika mambo ya siku kabla hayajanitoka, lakini kumwandika mtu sijazoea, na elimu yangu ni ya chuoni na skuli kidogo. Pale nitakapokuwa sina hakika nitasema.

Kazi yake ilikuwa vitanda. Alifanya na vingine, rafu, vibao vya kukalia, masanduku ya nguo, milango, lakini hivyo alivihesabu kama maji ya kunawa. Vitu vile alivitoa katika makasha ya mafuta ya taa. Siku zile mafuta yalikuja kwa madebe, na madebe yalikuja ndani ya makasha ya mbao nyeupe, nyepesi. Debe likaja kuwa paa la nyumba, kasha likaja kuwa rafu ya Fundi. Misumari ya makasha aliing'oa mmoja mmoja, akainyoosha juu ya jiwe, akaitia kwenye kopo. Kumbe kuitumia hakupenda. Alisema msumari ni wa mtu aliyekata tamaa. Kopo likijaa aliwagawia majirani, na huyo ndiye bahili wetu.

Kitanda ni habari nyingine. Matendegu, yaani miguu yake minne, aliyachonga kwa mninga. Mifumbati, zile mbao mbili ndefu za ubavuni, na vitakizo, zile fupi za kichwani na miguuni, alizitoa katika mvule. Kila ncha ya mbao aliichonga ulimi, kila tendegu akalitoboa tundu, na ulimi ukaingia tunduni kwa kugongwa na gogo la mti, si nyundo ya chuma. Hapana msumari hapo, hapana gundi. Kisha mwambaji aliwamba kamba, na kamba ikikazwa inavuta mbao zote ndani, kitanda kinajishika chenyewe. Aliniambia mara nyingi kwamba kitanda cha namna hiyo hakina kinachokishikilia ila ukweli wa tundu na ulimi. Nilimwona wakati ule kama anajisifu.

Gundi aliipika kwa kazi nyingine. Aliichemsha katika kopo dogo lililokaa ndani ya sufuria ya maji, isiungue, na harufu yake ya ngozi na kwato iliingia mpaka kwenye ubwabwa wa watu. Wanawake wa uani walimpigia kelele.

"Fundi, leo unapika nini?"

"Karibuni. Mkinywa hii hamtafungua midomo tena kunisema."

Msasa wa dukani aliudharau. Alisugua mbao kwa ngozi ya papa aliyoifuata Feri kwa wauza samaki, akaitandaza juani juu ya kibao. Ilinuka mpaka ilipokauka, kwa hiyo paka wa mtaa mzima walikuwa wakija kulala ndani ya maranda yake, na yeye akawa anawanyanyua mmoja mmoja, kwa shingo, kabla ya kufagia. Kumpiga paka sikumwona. Watu niliona akiwarushia vipande vya mbao.

Alikuwa mkali, nisimfiche. Alikuwa na ulimi mbaya kwa wateja. Mtu akileta droo iliyokwama wakati wa masika, akitaka ipunguzwe, Fundi aliitazama, akamtazama mwenye droo, akasema, "Na wewe ukivimba tumbo tukupunguze?" Kisha akaipaka nta ya mshumaa ubavuni, akamrudishia, akamwambia angoje kiangazi. Wengi walikasirika. Kiangazi kilipofika droo ilikwenda yenyewe, nao hawakurudi kumshukuru, na yeye hakuwangoja.

Nilijifunza kwake mambo kadha wa kadha, ingawa sikuwa mwanafunzi wake. Msumeno ukienda kombo, usiulaumu mkono kwanza. Tazama meno, upande mmoja yamefunguka kuliko mwingine. Randa ikisongwa na maranda, chuma chake hakikukaa vizuri kitako, kunja kipande cha karatasi ukiweke chini yake. Mbao ukiirandia kinyume cha nyuzi zake itachanika, igeuze tu. Nayaandika kama nilivyoyasikia. Kama kuna seremala anayesoma atanisahihisha.

Lakini fundisho lake kubwa nililipata kwa aibu. Nilitaka meza ya kukatia nguo, nikaona haya kumwomba, nikajitengenezea mwenyewe siku mbili ambazo yeye hakuwapo. Meza ikayumba. Nikakata mguu mmoja, ikayumba upande wa pili. Nikakata ule wa pili. Aliporudi alinikuta nimeshika msumeno wa kuazima kwa mtu mwingine, na meza yangu imefika kwenye goti.

"Bwana Uzi," akasema, maana ndilo jina alilonipa, "unafanya mbuzi ya kukunia nazi?"

"Meza inayumba, Fundi."

Akaishika, akaisogeza hatua chache mpaka karibu na mlango. Ikatulia kama imeota pale. Sakafu ya upande wangu ndiyo iliyokuwa na bonde.

"Kwanza hamisha," akasema. "Ukihamisha na ubovu ukafuata, ni wa kitu. Ubovu ukibaki, ni wa mahali. Hujahamisha, umekata nini?"

Meza ile ninayo. Wajukuu wangu wanaikalia.

Sasa nieleze tabia nyingine mbili zilizokuwa zikitushangaza. Ya kwanza, fundi wa vitanda alilala chini. Chumbani kwake hamkuwa na kitanda, palikuwa na mkeka na godoro la sufi. Nilipomuuliza alisema akilala kitandani anasikia viungo vinavyosemezana na hapati usingizi. Sijui kama ni kweli. Ya pili ni kwamba kila Ijumaa, kabla ya sala, alijaza gunia maranda na vichwa vya mbao, akalibeba mwenyewe begani mpaka nyumba ya tatu kutoka yetu, akalitua mlangoni kwa Bi Tatu. Hakubisha hodi. Wakaa barazani wakacheka wakasema mzee anaposa kwa kuni.

Bi Tatu alikuwa kungwi. Mtoto wa kike wa mtaa wetu akiwa mwari, ni yeye aliyemfunda, akamsinga mwili kwa manukato, akamkalisha ndani, na siku ya harusi ni yeye aliyekitazama kitanda. Kazi hiyo ilikuwa ndiyo yeye. Harusi ikiwapo alitangulia mbele ya wanawake wote, na wenye mali na wasio nayo walimpisha. Pasipokuwa na harusi alikaa mlangoni pake akisuka ukili, akawauliza wapitao habari za mabinti zao.

Na hapa nifike kwenye kitanda cha Zuhura.

Zuhura alikuwa binti wa jirani zetu wa uani. Aliposwa na mtu wa reli, na reli ikamtaka huyo kijana Tabora upesi, kwa hiyo harusi iliyokuwa ya baada ya mavuno ikaletwa mbele, ikaangukia mwisho wa masika. Mama Zuhura alikuja barazani na wachukuzi wawili wenye mbao za mvule kutoka kwa muuza mbao wa Mchafukoge.

"Fundi, nataka kitanda cha watu. Siku zenyewe ndizo hizi."

Nilimwona Fundi akifanya kama alivyofanya kwa kila mbao. Aliigonga kwa vidole akasikiliza, akaipima uzito mikononi, halafu akailaza shavuni. Alikwisha nieleza: mbao mbichi ina ubaridi hata adhuhuri, mkono hauwezi kukwambia lakini shavu litakwambia. Nilikwisha mwona akirudisha mkokoteni mzima kwa jambo hilo hilo, muuza mbao akiapa na Fundi akimwambia, "Kiapo chako kikavu, mbao zako mbichi." Siku ile alikaa na mbao shavuni muda mrefu. Mama Zuhura alikuwa amesimama, amechoka, macho yamemvimba kwa mambo ya harusi.

"Vipi, Fundi?"

"Haya," akasema. "Ziwekeni hapo."

Nikaendelea na pindo langu.

Kitanda kilikuwa kizuri. Alikipaka sandarusi mpaka mninga ukawaka wekundu. Kilipelekwa kwa ngoma, kikawambwa, na Bi Tatu akafanya desturi yake. Alitandika mashuka mapya, akayashusha mpaka chini pande zote, akaweka chetezo cha udi mvunguni, upande wa kichwani. Siku zote za kungoja harusi hakukiacha kizimike. Ukipita uani unajua kuna harusi hata kama hujaalikwa.

Wakaoana, wakaingia fungate. Na kitanda kikaanza kulia.

Kwa msomaji ambaye hajakaa nyumba zetu, niseme kwamba kuta za vyumba hazikufika kwenye paa. Sauti ilipita juu kama moshi. Kila aliyekaa nyumba ile alijua, na kabla jua halijapanda kisima kizima kilijua. Mama Zuhura alikwenda kuteka maji, mwanamke mmoja akamwuliza, kwa upole kabisa, "Jirani, mlango wenu mbovu? Jana mliufungua mkaufunga, mkaufungua mkaufunga." Wengine wakaficha nyuso ndani ya kanga. Zuhura mwenyewe alikataa kutoka chumbani, na alikataa kula. Bwana harusi alitoka akaenda kukaa stesheni kutwa nzima kama mtu anayengoja treni.

Mama Zuhura alikuja barazani na ndoo yake bado kichwani.

"Fundi, umetuvua nguo!"

Fundi akaanza maswali yake. Niseme kwamba katika miaka yote ile sikuwahi kumsikia akikiri kosa. Kiti kilipovunjika chini ya mtu, alimwuliza mtu huyo amekaaje. Rafu ilipoanguka, aliuliza nani aliijenga ile nyumba.

"Mlikiweka wapi?"

"Chumbani!"

"Nani alikikalia?"

"Ebo! Unaniuliza nani alikikalia? Kitanda cha bi harusi, mzee mzima, huna haya?"

Baraza likacheka. Muuza kahawa, ambaye alitua dele lake mbele yetu kila siku na kujua habari za kila mtu, akacheka kuliko wote. Fundi hakucheka. Akachukua gogo lake, akaenda. Zuhura akatolewa akapelekwa kwa shangazi yake, na tuliobaki nje tulisikia Fundi akigonga, akinyamaza, akigonga. Nadhani alifunua mashuka akakuta chetezo, kwa sababu mtu alikitoa nje kikiwa bado na majivu. Alikaza kwa kabari nyembamba za mninga mahali palipolegea. Kisha akatoka, amesimama mlangoni, vumbi magotini, akasema kwa sauti ya kusikiwa na wote:

"Kosa langu."

Tulitazamana. Ilikuwa kama umesikia punda anaadhini.

Ndipo muuza kahawa akasema, "Mmemsikia? Huo ndio ustaarabu. Ameona moto mvunguni, ameona kilichokausha mbao, na hataki kumwaibisha kungwi wa watu. Anajitwika yeye."

Jambo likageuka pale pale. Wote tulijua moto na kiungo cha mbao havipatani, tulimsikia Fundi mwenyewe akisema hivyo. Wote tulikiona chetezo. Bi Tatu alikuwa amefika, amesimama nyuma ya watu. Mama Zuhura akamgeukia.

"Kumbe ni udi wako, Bi Tatu."

"Udi wangu umekaa mvunguni mwa mama yako ukazaliwa wewe," Bi Tatu akajibu. "Kililia?"

"Nimesema kosa langu," Fundi akarudia.

"Tunajua, Fundi. Tunajua," wakasema watu, kwa sauti ile ya kumtuliza mtu mwema.

Mimi nami niliamini hivyo.

Zuhura na mumewe walikwenda Tabora, na kitanda kikapakiwa treni. Harusi iliyofuata mtaani, wenyewe walileta kungwi kutoka Gerezani. Na iliyofuata hiyo. Hakuna aliyemtukana Bi Tatu. Walimpelekea sahani ya pilau nyumbani, imefunikwa kawa, na nadhani sahani ile ilimuuma kuliko tusi. Aliendelea kukaa mlangoni akisuka ukili, ila hakuuliza tena wapitao habari za mabinti.

Fundi naye alipanda. Watu waliomwita bahili sasa walimwita mzee wa busara. Mume na mke wakigombana waliletwa kwake. Vijana walimwamkia kwa kuinama. "Shikamoo, Fundi." "Marahaba, marahaba." Nilimwona akijifunza kukaa kitako kama msuluhishi, mikono juu ya magoti, akiwaambia watu wasitiriane. Mara mbili tatu, watu walipoitaja habari ya kitanda, nilimsikia akisema, "Lakini kosa lilikuwa langu." Wakazidi kumpenda. Magunia ya maranda yalianza wakati huo. Hilo nilikuja kuliona baadaye, nilipopanga kipi kilitangulia kipi.

Miaka ikaenda. Mimi nikaanza kuvaa miwani, yeye jicho moja likaingia ukungu, akawa analenga mbao kwa jicho la pili na kunitukana kwamba nimehamisha dirisha. Vitanda vya chuma vya dukani vikaanza kuonekana katika nyumba za wenye mishahara. Alisema vinanuka kama hospitali.

Halafu Zuhura akarudi. Mumewe amehamishiwa Dar es Salaam, ana watoto, amenenepa, anacheka kwa sauti ya mama yake. Alikuja barazani alasiri moja, nyuma yake mkokoteni, juu yake kitanda kile. Nilikijua kwa wekundu wa matendegu.

"Shikamoo, Fundi. Kitanda chako kimenitesa. Kililia Tabora, tukahamia Morogoro kikalia. Nimekizoea kama mtoto mwenye kifua. Lakini sasa nitaoza wasichana, siwezi kukaa nacho hivi."

Fundi akanyanyuka. Akapitisha mkono kwenye mfumbati, taratibu, kama mtu anayetafuta jina la aliyemsahau.

"Kililia Tabora," akasema.

"Kililia, wallahi."

"Bi Tatu hajapata kufika Tabora."

"Bi Tatu?" Zuhura akasema. Alikuwa hajui. Siku ile ya gogo yeye alikuwa kwa shangazi yake, na barua za mama yake hazikuandika mambo hayo.

Fundi akanigeukia. "Bwana Uzi, nenda kamwite Bi Tatu. Mwambie namwita mimi. Na wewe wa kahawa, usiondoke. Wewe hasa."

Nikaenda. Bi Tatu aliniuliza kama amekufa mtu. Nikasema hapana, kitanda kimerudi. Akautua ukili, akajifunga kanga yake vizuri, akanifuata. Tulipofika, watu walikuwa wamekwisha kusanyika, maana mtaa wetu hauhitaji mbiu.

Fundi alikuwa amekata kamba na kugonga viungo mpaka vikaachia. Mbao nne zilikuwa zimelazwa juu ya benchi, ndimi zake zote zinatazama barabarani. Akatuita tukaribie. Akachukua tendegu la miguuni, akaingiza ulimi wake, akautikisa. Ukacheza. Akachukua la kichwani, lile lililosimama juu ya udi, akafanya vile vile. Ukacheza sawasawa na ule wa kwanza. Akapitia yote manne. Ndimi zilikuwa zimenywea kiasi kile kile, na hata mimi wa miwani niliona.

"Chetezo kilikuwa upande gani?" akauliza.

"Kichwani," akasema muuza kahawa, polepole.

"Kingekuwa ndicho, wa kichwani ungecheza, wa miguuni ungekaa. Huu ni mvule mbichi. Niliuweka shavuni, ulikuwa baridi, nikaona harusi imefika na mama wa watu amechoka, nikachonga. Ulikwenda kukaukia ndani ya matundu. Nikasema kosa langu."

"Lakini Fundi," muuza kahawa akasema, na nilimhurumia, "sisi tulidhani unamsitiri..."

"Nilisema kosa langu! Kiswahili gani hicho hamkukielewa? Mkaniita mstaarabu. Nikarudia, mkanisifu zaidi." Jicho lake zima lilikuwa kwenye mbao, si kwetu. "Nikaacha. Ilikuwa tamu. Hakuna aliyekuwa amenisifu kabla ya hapo ila kwa vitanda."

Nimejaribu kupima jambo hili kwa haki. Alisema kweli siku ya kwanza, mbele ya watu wote, na hilo si dogo. Sisi ndio tulioikataa. Lakini alijua tulivyoielewa, na alijua nani analipa, na kila Ijumaa alijua vizuri kutosha kujaza gunia. Mizani yangu haisimami. Inalala huku, kisha inalala kule.

Bi Tatu alikuwa amezitazama zile ndimi muda wote. Akanyoosha kidole, akaugusa wa kichwani.

"Kwa hiyo maranda yale yalikuwa ya hili," akasema.

"Ndiyo, Bi Tatu."

"Miaka yote hiyo."

"Ndiyo."

"Nami nilidhani unanitaka! Nikawa nasema moyoni, huyu mzee ataniletea kuni mpaka lini bila kusema neno?"

Watu walipasuka kwa kicheko, hata Zuhura akajishika mbavu, na Fundi akawa hana pa kutazama. Ila mimi nilikuwa karibu, na niliona kwamba Bi Tatu alicheka kidogo tu, kisha akaacha kabla ya wengine.

"Nilikula pilau ya kufunikwa," akamwambia, chinichini. "Unajua ladha yake?"

Fundi akaziondoa zile mbao juu ya benchi.

Alitoa mbao za mvule zilizokuwa juu ya dari ya chumba chake, za kukaa miaka, akaniwekea moja shavuni bila kuniomba ruhusa. Ilikuwa vuguvugu kama mkate. Alichonga mifumbati mipya na vitakizo vipya kwa siku kadhaa, polepole kwa sababu ya jicho, na hakukubali msaada, ila mara moja aliponiambia nimshikie mbao, akaniachia na randa mkononi huku akienda kunywa maji. Alipokumbuka alirudi mbio.

Siku ya kukiwamba Bi Tatu alikuja na chetezo. Hakuna aliyemwita. Alikiweka mvunguni pale pale barazani, upande wa kichwani, akatia udi, mbele ya watu wote waliokuwa wakipita kutoka sokoni na vikapu vyao. Kisha akapanda, akakaa katikati, akajitikisa.

Kikalia.

Kidogo, upande wa miguuni, lakini kililia. Muuza kahawa aliinamia dele lake. Fundi alikwenda akapiga magoti, akatia sikio, akapapasa chini ya tendegu, akanitazama mimi.

"Bwana Uzi. Upande wako."

Ndiyo, kilikuwa upande wangu, penye lile bonde. Tukamwomba Bi Tatu ashuke, akakataa, akasema yeye ni mzigo mwepesi. Basi tukakinyanyua naye juu yake, mimi, muuza kahawa na wapangaji wawili, tukakisogeza mpaka karibu na mlango, na chetezo kikasukumwa nyuma yetu kwa mguu. Akajitikisa. Kimya. Akajitikisa kwa nguvu, mwanamke wa umri ule. Kimya.

Zuhura akapiga kigelegele, akasema, "Bi Tatu, wanangu wawili wanakungoja."

Fundi alikuwa bado amepiga magoti, mkono juu ya mfumbati. Hakuinua kichwa.

"Kihamisheni tena," Bi Tatu akasema. "Mpaka kule nyumba ya tatu, mlangoni kwangu. Nataka nisikie kama kitalia."